Seli za insulini: kuzipata ni kazi, kuziweka hai ni kazi zaidi

Mtoto hufikishwa hospitali akiwa amekonda, hashibi maji, na usiku halali kwa kukojoa. Kipimo kinaonyesha kisukari cha aina ya kwanza, na wazazi wanaambiwa kongosho yake haitoi tena insulini ya kutosha. Wengi huelewa kwamba uwezo huo umekwisha kabisa. Kumbe siku ya kugundulika ugonjwa, mara nyingi huwa zimesalia seli za insulini zilizo hai. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa, muda mfupi baada ya kuanza sindano, hutosheka na dozi ndogo sana, hata ndugu wakaanza kusema amepona. Kipindi hicho kimepewa jina la fungate, nacho kina mwisho wake: seli zilizosalia huendelea kuuawa, na dozi hupanda tena.

Je, masalia hayo yanaweza kuokolewa? Na tukipandikiza seli mpya, zitalindwa na nini? Maswali hayo mawili ndiyo yaliyoingiza seli shina katika utafiti wa kisukari.

Kwanza tuitazame kongosho kwa karibu. Sehemu yake kubwa hutengeneza majimaji ya kumeng'enya chakula. Ndani yake yametawanyika mafungu madogo ya seli, karibu milioni 1 kwa mtu mzima, ambayo Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, aliyaeleza mwaka 1869 bila kujua kazi yake. Leo tunayaita visiwa vya Langerhans. Vyote kwa pamoja ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa kongosho, lakini hupata zaidi ya asilimia 10 ya damu inayoifikia. Humo ndimo zilimo seli beta, zinazopima sukari ya damu na kutoa insulini kwa kiasi kinachohitajika. Katika kisukari cha aina ya kwanza, seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, huzishambulia seli beta kana kwamba ni vijidudu vya maradhi.

Seli shina ni seli yenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za kazi maalumu. Mwaka 2014 Douglas Melton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza namna ya kuzigeuza maabara ziwe seli beta kwa wingi. Hiyo ndiyo sura inayojulikana zaidi. Ziko pia seli shina za mesenkaima, zinazopatikana kwenye uboho wa mifupa, kwenye mafuta ya mwili na kwenye kitovu cha mtoto anapozaliwa. Thamani yake hapa haitokani na kugeuka seli beta. Hutoa kemikali zinazotuliza seli za kinga, hupunguza uvimbe, na huchochea mishipa midogo ya damu kuota.

Watafiti wa Uppsala, Sweden, walilijaribu jambo hilo kwa watu wazima 20 waliokuwa wamegundulika karibuni. Nusu yao walitolewa uboho, seli za mesenkaima zikakuzwa maabara, kisha wakarudishiwa kupitia mshipa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kipimo chao kikuu kilikuwa peptidi C, kipande kinachobanduka mwili unapotengeneza insulini yake. Insulini ya sindano haina kipande hicho, kwa hiyo kipimo hakidanganyiki na dawa. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa seli walikuwa wameuhifadhi uwezo wao wa kutoa insulini baada ya mlo, ilhali wa wenzao ulikuwa umeshuka. Hawakupona. Walichofanikiwa ni kuchelewesha hasara, na kundi lilikuwa dogo.

Brazil walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 Júlio Voltarelli na wenzake waliripoti juu ya wagonjwa 15 waliochukuliwa seli shina za damu, wakapewa dawa kali za kuifuta kinga iliyokosea njia, kisha wakarudishiwa seli hizo ili kinga ianze upya. Wagonjwa 14 waliacha insulini kwa vipindi tofauti, lakini kwa wengi wao sukari ilikuja kupanda tena. Dawa zenyewe zina hatari kubwa, ikiwemo maambukizi na kuharibu uwezo wa kuzaa. Na kule kupanda tena kwa sukari kunaonyesha kwamba kinga ya mwili ina kumbukumbu ndefu.

Kumbukumbu hiyo huwasumbua pia wanaopandikiza. Mwaka 2000 kundi la James Shapiro mjini Edmonton, Kanada, liliripoti wagonjwa 7 waliowekewa ndani ya ini visiwa vya watu waliofariki, na wote wakaacha insulini. Hata hivyo kinga si tatizo pekee: visiwa vingi hufa siku za mwanzo. Ni kama mche uliong'olewa kitaluni: mizizi imekatika, na usipopata maji mapema hunyauka kabla haujashika udongo. Kisiwa kilichotenganishwa na mishipa yake hukosa oksijeni. Katika majaribio ya wanyama, kuvichanganya visiwa na seli za mesenkaima kumevisaidia kupata mishipa mapema na kudumu zaidi.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya zimislecel, visiwa vilivyotengenezwa kutokana na seli shina. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka. Ni hatua kubwa mno. Lakini wote walitumia dawa za kushusha kinga, na katika utafiti huo mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi ya kriptokokasi, ugonjwa ambao madaktari wetu wanaujua vyema kutoka wodi za wagonjwa wa Ukimwi.

Nchini China, mwanamke mmoja aliwekewa visiwa vilivyotengenezwa kutokana na seli zake mwenyewe, akaacha insulini. Habari ikaenea kwamba dawa za kushusha kinga hazihitajiki tena. Kumbe alikuwa tayari akizitumia kwa sababu ya ini alilopandikizwa awali. Watafiti wa Uppsala, kwa upande wao, wamemwekea mgonjwa mmoja msulini mwa mkono seli za mfadhili zilizohaririwa jeni ili kinga isizitambue. Seli ziliendelea kutoa insulini bila dawa hizo. Dozi ilikuwa ndogo, hivyo sindano aliendelea nazo.

Yote haya yamefanyika ndani ya majaribio yanayosimamiwa. Unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina la seli shina ni jambo jingine: seli iliyomezwa humeng'enywa kama nyama nyingine, haifiki kwenye kongosho. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, damu yake huweza kujaa asidi ndani ya siku chache, akafa.

Kwa hiyo ukisikia tena kwamba tiba imepatikana, uliza mawili: baada ya mwaka peptidi C ilikuwa kiasi gani, na mgonjwa anatumia dawa gani ili seli hizo ziishi? Asiyeweza kuyajibu, usimpe pesa yako, wala usiache insulini yako kwa maneno yake.