Je, Tembe za Kisukari Huzuia 'Kutu' Mwilini?

Hapa Kegonga siku ya soko hutakosa kumwona mchuuzi mwenye kipaza sauti akinadi unga wa "antioksidanti" unaodaiwa kuponya kisukari. Wagonjwa huniuliza: "Daktari, si niache tembe zako ninunue huo?" Kabla hujatoa pesa zako, soma haya.

Antioksidanti ni nini? Jembe likiachwa mvuani hushika kutu kwa sababu hewa ya oksijeni hula chuma chake. Mwilini nako, seli zinapochoma sukari ili kupata nguvu, hutoa chembe kali ziitwazo radikali huru. Mwili wenye afya huzizima. Lakini sukari ikizidi katika damu, chembe hizo huushinda mwili nguvu, zikaumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Hii ni sababu mojawapo ya mgonjwa kupoteza macho au figo, ama kupata kidonda mguuni asikihisi. Antioksidanti ni kitu chochote kinachozima chembe hizo.

Je, tembe tunazotoa zina uwezo huo? Naam, kwa kiasi. Tuanze na metfomini, ambayo Dkt Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matumizi yake kwa kisukari mwaka 1957. Dawa hii hupunguza sukari inayotolewa na ini. Katika maabara imeonekana pia kupunguza radikali huru zinazotoka ndani ya seli. Gliklazaidi nayo huchochea kongosho kutoa insulini, na umbo lake lina sehemu inayonasa radikali huru. Glibenklamaidi, ndugu yake, haina sehemu hiyo.

Hata hivyo, usikimbilie kubadilisha dawa. Haijathibitishwa kwamba uwezo huo, peke yake, ndio unaookoa macho au figo za mgonjwa. Faida iliyo wazi hutokana na kushusha sukari: moto ukipungua, moshi nao hupungua. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wagonjwa wanene waliopewa metfomini walikuwa na vifo vya kisukari pungufu kwa asilimia 42 kuliko waliotegemea mpango wa chakula pekee.

Na antioksidanti za kununua? Utafiti uitwao HOPE, wa mwaka 2000, uliwafuatilia zaidi ya watu 9,500 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, baadhi yao wakiwa na kisukari. Waliomeza vitamini E hawakupata kinga yoyote dhidi ya maradhi ya moyo kuliko waliomeza tembe tupu.

Basi ufanye nini? Meza metfomini pamoja na chakula ili tumbo lisikusumbue. Ukiwa umeitumia kwa miaka mingi na miguu inakufa ganzi, mwambie daktari, kwani inaweza kupunguza vitamini B12. Ukitapika au kuharisha sana, nenda hospitali upesi, ukaulize kama uisimamishe kwanza. Anayetumia gliklazaidi au glibenklamaidi asiruke mlo. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, anywe maji ya sukari mara moja. Figo zako zipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Kuhusu chakula, managu, sukuma wiki na mchicha vina antioksidanti za asili, tena huenda vinaota nyuma ya nyumba yako. Ugali wa wimbi ni mzuri, lakini nao huongeza sukari, kwa hiyo pima kiasi. Sisi tunaotoka katika eneo lililozoea kulima tumbaku tukumbuke pia kuwa moshi wa sigara hujaza mwili radikali huru.

Mchuuzi wa soko akiondoka jioni, hutamwona tena figo zikianza kuuma. Usiache tembe zako kwa maneno yake. Ukiwa na shaka, zibebe zote uje nazo kliniki, tuzitazame pamoja.