Swali la Kijana wa Magamba

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapokwisha kutangazwa, nyumba nyingi katika mkoa wetu wa Tanga huingia katika mjadala mmoja. Kijana akasome nini? Herufi tatu tatu huwekwa mezani mithili ya hirizi: PCM, PCB, CBG, HGE, HKL. Mjomba asema mtoto apelekwe kwenye sayansi maana ndiko kwenye kazi; shangazi akumbusha kuwa alama yake ya Kiswahili ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote; mtoto mwenyewe aghalabu hunyamaza. Hatimaye huchaguliwa herufi tatu, na tangu siku hiyo masomo mengine yote huhesabiwa kuwa mali ya watu wengine. Mwanafunzi wa Fizikia hamwulizi mwenzake wa Jiografia habari za pepo, wala mwanafunzi wa Historia haoni haya kutamka mbele ya watu kwamba hesabu hazimhusu.

Hatusemi kwamba kuchagua ni kosa. Hakuna binadamu awezaye kuyasoma yote, na taifa lahitaji mabingwa. Lakini leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu kisa cha mwanafunzi mmoja aliyesoma katika milima ya mkoa huu huu, ambaye jina lake hutajwa katika maabara za dunia nzima, na ambaye swali lake halikuzaliwa ndani ya somo lolote. Lilizaliwa kwenye aiskrimu.

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na yapata miaka miwili ya uhuru, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, akaanza kuyachemsha. Mwenzake mmoja alipoona hivyo, akachanganya maziwa yake na sukari bila hata kuyachemsha, akakimbilia jokofu asije akakosa nafasi. Mpemba akaona kwamba akingoja yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akaamua kuhatarisha jokofu la watu: akayatia maziwa yangali ya moto.

Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Wengi wetu tungekula aiskrimu yetu, mambo yakaishia hapo. Kijana huyu alikwenda kwa mwalimu wake wa Fizikia kuuliza sababu. Alijibiwa kwamba alichanganyikiwa, kwa kuwa jambo kama hilo haliwezekani. Naye, kwa adabu ya mwanafunzi, alilikubali jibu hilo kwa wakati ule. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa mjini Tanga, akamsikia akisema kwamba yeye hutia mchanganyiko wa moto katika jokofu kwa sababu huganda upesi zaidi. Muuza aiskrimu hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa na wateja wanaongoja, na hiyo yatosha kumfundisha mtu mengi.

Mpemba alipofika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, mada ya kwanza ya Fizikia ilikuwa joto. Siku mwalimu alipofundisha kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, kijana alinyoosha mkono, akauliza lile lile la Magamba. Akajibiwa lile lile. Alipozidi kushikilia, mwalimu alisema kwamba hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa lilicheka. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu kwa kusoma vibaya jedwali la logi, aliambiwa kwamba hayo ni hisabati ya Mpemba, na wanafunzi wenzake wakaupokea msemo huo na kuuimba.

Twaomba msomaji atue kidogo hapo. Kuta zinazotenga somo na somo katika shule zetu ni nene, na maarifa huvuka kwa shida. Lakini dhihaka haikuzuiwa na ukuta wowote. Iliondoka katika Fizikia, ikaingia katika Hisabati, haikuulizwa tahasusi. Mwanafunzi aliyechekwa katika chumba kimoja huenda na kicheko hicho katika vyumba vyote.

Na tumtendee haki mwalimu yule, maana alikuwa na hoja. Chukua mabasi mawili yanayokwenda Tanga mjini. Moja laanza safari Korogwe, jingine Mombo, nayo yaondoka kwa wakati mmoja. Basi la Mombo lazima lipite Korogwe kwanza. Likifika Korogwe, lenzake limekwisha kutangulia zamani. Na ikiwa kuanzia hapo yote mawili yatumia muda ule ule, la Mombo litawezaje kufika mbele? Maziwa ya moto nayo, kabla ya kuganda, hayana budi kupita katika kile kiwango cha joto ambapo maziwa ya baridi yalianzia. Kwa hoja hii mwalimu alikuwa sahihi, na mwanafunzi ye yote wa hisabati angemuunga mkono.

Kasoro imejificha katika yale maneno “muda ule ule.” Basi lililotoka Mombo, linapopita Korogwe, limekwisha kupata mwendo, si sawa na lile linaloanza kuwasha injini. Kadhalika maziwa yaliyoshuka kutoka kwenye moto mkali hadi kufikia joto la wastani si lazima yawe sawa na maziwa ambayo tangu mwanzo yalikuwa na joto hilo. Yale ya moto yamo katika mzunguko: yaliyo ya moto zaidi yapanda juu, yaliyopoa yashuka chini, na uso wa juu wapoteza joto kwa kasi. Huu ndio msafara wa joto, na mwanafunzi wa Jiografia aujua vizuri, ila yeye aufundishwa kwa jina la upepo. Mvuvi wa Tanga atokaye alfajiri kwa umande na kurejea kwa matlai aendeshwa na jambo lilo hilo: nchi kavu yapata joto upesi kuliko bahari, hewa yake yapanda, na ile ya baharini yaja kushika nafasi yake. Mwalimu wa Kemia naye angeongeza kwamba maji yaliyochemshwa yamepoteza sehemu ya hewa iliyoyeyuka ndani yake. Mwalimu wa mapishi angeuliza swali gumu kuliko yote: je, maziwa mabichi na maziwa yaliyochemka ni kitu kimoja, hata tuyalinganishe?

Jambo la kupendeza ni kwamba kijana mwenyewe alilielekea swali hilo bila ya kuelekezwa. Siku moja huko Mkwawa aliukuta mlango wa maabara ya Biolojia uko wazi, na mwalimu hayupo. Aliingia, akachukua bika mbili ndogo, akajaza moja kwa maji ya bomba na nyingine kwa maji ya moto, akaziweka katika jokofu la maabara. Safari hii hapakuwa na maziwa wala sukari, ila maji peke yake. Baada ya saa moja alirudi, akaona kwamba barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto. Hakupiga kelele za ushindi. Aliandika baadaye kwamba jaribio lile halikutosha kuthibitisha, akapanga kulirudia atakapopata nafasi. Swali lililozaliwa kwenye aiskrimu, likakataliwa katika Fizikia na kufanyiwa mzaha katika Hisabati, lilipata mahali pa kupimwa katika Biolojia, kwa sababu tu mlango haukufungwa.

Kisha akaja mgeni. Denis Osborne, profesa wa Fizikia katika chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, akakaribisha maswali. Mpemba alisimama. Ukichukua bika mbili zenye maji ya ujazo sawa, moja nyuzi 35 za Selsiasi na nyingine nyuzi 100, ukaziweka katika jokofu, ile ya nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Mgeni alitabasamu, akaomba swali lirudiwe, kisha akauliza kama kweli kijana alikuwa amelijaribu mwenyewe. Aliposikia kwamba amelijaribu, alisema kuwa hajui sababu, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam.

Wenzake walimlaumu Mpemba kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni. Mmoja alimwuliza kama kweli aliielewa ile kanuni ya Newton. Alijibu kwamba nadharia na vitendo ni vitu viwili.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja katika jarida la walimu wa Fizikia la Uingereza. Sehemu ya mwanzo ni masimulizi ya mwanafunzi mwenyewe, kwa lugha nyepesi isiyo na majivuno, kuhusu maziwa, jokofu, walimu na kicheko. Wakati huo alikuwa akisomea utunzaji wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na huo ndio uliokuwa utumishi wake kwa taifa. Wapo wanaosikitika kwamba hakufanywa mwanafizikia. Sisi hatumwonei huruma mtu aliyetunza mbuga zetu. Ila twajiuliza kama uamuzi huo ulikuwa wake, au ulikwisha kuamuliwa na kile kicheko.

Mabishano hayajaisha hata leo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora ya jambo hili, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Mwaka 2020 wengine wawili huko Kanada, Kumar na Bechhoefer, waliacha maji na barafu kabisa, wakatumia punje ndogo mno za kioo zinazosukumwa kwa mwanga, wakaonyesha kwamba kitu chenye joto zaidi chaweza kweli kukitangulia chenye joto kidogo katika kupoa. Swali la mvulana wa kidato cha tatu lingali linawakesha watu wazima.

Tugeuze macho sasa tutazame nyumbani. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga kijana na maisha ya watu wake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Mwaka 2014 wananchi wa kata nyingi walichangishwa fedha, wakabeba mawe na mchanga ili kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara. Mwaka 2023 sera ya elimu ilifanyiwa marekebisho, mkondo wa amali ukapewa nafasi yake sambamba na mkondo wa jumla, na baadaye tahasusi mpya zikaongezwa. Hatua zote hizo twaziunga mkono. Lakini kuongeza herufi si kubomoa ukuta. Ukuta waweza kubaki pale pale, ila vyumba vikawa vingi zaidi. Na mtoto wa leo ana ukuta mwingine wa kuvuka: mambo ya kuganda na kuyeyuka ameyasoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na afikapo kidato cha kwanza huyakuta yote yamebadilishwa majina, hata akadhani kwamba lile jokofu la nyumbani si lile la kitabuni.

Twashauri jambo dogo. Kila shule ya sekondari katika mkoa huu itenge kipindi kimoja kwa juma kisicho na jina la somo. Wanafunzi walete maswali waliyoyaokota jikoni, shambani, ufukweni au gereji. Walimu wa Fizikia, Jiografia, Kemia, Historia na Kiswahili wakae pamoja mbele yao, na asiyejua aseme kwamba hajui. Najua-yote asialikwe. Wakuu wa shule watatuambia kwamba ratiba imejaa na kwamba mtihani wa taifa hauulizi mambo hayo. Ni kweli kwamba hauulizi. Twawaomba basi, kipindi kikikosekana, mlango wa maabara usiwe na kufuli saa zote, kwa kuwa tulichangishwa ili watoto waingie.

Osborne alitimiza ahadi yake. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza kijana fundi wa maabara yake alifanye jaribio lile. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kulirudia jaribio hilo mpaka wapate jibu sahihi.