Kuchoma au Kuzungusha? Fueli ya Tritiamu katika Kinu cha JET

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi 'kuchoma', ambacho mfasiri angeweza kukichagua bila kusita anapoeleza fueli ya kinu cha myeyungano wa viini, kinapotosha maana. Mfano wetu ni JET, kinu cha majaribio kilichokuwa Culham, Uingereza, na kilichosimamishwa Desemba 2023.

Tritiamu ni haidrojeni nururifu. Katika muda wa miaka 12.3 nusu yake hugeuka kuwa heliamu. Mnururisho wake ni hafifu, haupenyi ngozi. Hatari hutokea inapoungana na oksijeni ikawa maji, kwani maji hayo huingia mwilini kama maji mengine yoyote. Aidha, hupenya hata metali yenye joto.

Ghala lake halikuwa mtungi wa gesi bali uraniamu. Uraniamu iliyopoa huifyonza tritiamu na kuishika. Ikipashwa moto hadi nyuzi mamia kadhaa, huiachia. Mwendeshaji, basi, alifungua ghala kwa joto. Ndani ya kinu sehemu ndogo mno iliungana na deuteri. Iliyobaki ilinaswa kwa pampu zenye baridi kali, ikatenganishwa na gesi nyingine, kisha ikarudishwa ghalani. Mwaka 1997 JET ilipewa jumla ya gramu 35 za tritiamu, ilhali kituo kilikuwa na gramu 20 tu: zilezile zilizungushwa. Tarehe 3 Oktoba 2023 megajuli 69 zilipatikana kwa takriban miligramu 0.2 za fueli.

Neno 'kinu' lenyewe lina picha iliyo karibu zaidi. Mtwangaji hutwanga, hupepeta, na punje zisizokoboka huzirudisha kinuni. (Sidhani kama aliyebuni istilahi 'kinu cha nyuklia' alilifikiria hili.) Kwa hiyo tunapendekeza 'kuzungusha' kwa kazi yote, na 'kuungana' kwa kile kidogo kinachotumika.

Limebaki jambo moja gumu. Katika majaribio ya 1997 kiasi cha theluthi moja ya tritiamu kilinasa ndani ya kinu, hasa katika kaboni ya kuta zake. Sehemu yake ilipatikana tena kwa kuendesha kinu kwa deuteri. Baadaye kuta za kaboni ziliondolewa, zikawekwa za beriliamu na tangisteni. Kilichonasa hivyo hakikutumika wala hakikurudi. Tukiite 'masalia'? Tunaonelea 'deni' lafaa zaidi, maana waendeshaji walitakiwa kulihesabu na kulidai hata baada ya majaribio kwisha.