Nyuki wa Matete na Utunzaji wa Vifukofuko Vyao

Anayechunguza ukuta wa udongo au bua la tete kavu huko Nyansurura, mkoani Mara, huenda akakuta kitundu chenye upana wa penseli kilichozibwa kwa tope au kwa vipande vya majani. Si kila kitundu cha namna hiyo ni cha nyuki. Ndani ya kile cha nyigu mna buibui au viwavi waliopoozwa. Ndani ya kile cha nyuki mpweke mna bonge la chavua lililochanganywa na mbochi, na juu yake yai moja.

Nyuki huyu, wa jenasi ya Megachile, hana malkia, hana mzinga, wala hana asali ya kuvunwa. Kila jike hujijengea peke yake, na chavua huibeba chini ya tumbo, si miguuni. Faida yake imo shambani: hupenda sana maua ya mbaazi, ambayo mdudu mdogo hana uzito wa kuyafungua.

Kumfuga hakuna gharama. Matete makavu hukatwa kwa urefu wa sentimita 15 hivi, kila kipande kikiwa na fundo nyuma na tundu la milimita 6 hadi 10 mbele. Hufungwa pamoja na kuwekwa chini ya upenu, yakielekea jua la asubuhi. Nguzo ikipakwa grisi, sisimizi hawapandi. Mayai ya majike hutagwa nyuma na ya madume mbele. Kwa hiyo tete fupi mno huzaa madume wengi.

Buu akiisha kula, hufuma kifukofuko cha hariri na kugeuka nyuki humo. Hapa ndipo penye kosa. Vitabu vya Ulaya na Marekani, vilivyoandikwa kwa ajili ya nyuki waashi wa jenasi ya Osmia, huagiza vifukofuko vitolewe, vioshwe na kutiwa katika jokofu hadi majira ya baridi yaishe. Nyuki wa Mara hawayajui majira hayo. Baadhi hutoka baada ya wiki kadhaa. Wengine hungoja ukame upite. Jokofu halina kazi kwao, na laweza kuwadhuru.

Basi vifukofuko viachwe ndani ya matete, mahali pakavu penye kivuli. Matete yaliyozibwa yahamishiwe katika kisanduku chenye giza kilichotobolewa tundu moja, na matete mapya yawekwe kando. Nyuki hutoka kwa kuufuata mwanga, na si rahisi arudi katika tete kuukuu lenye utitiri. Tarehe ya kuzibwa iandikwe kwa penseli juu ya kila tete, na ile ya kutobolewa vilevile. Muda ulio kati ya hizo mbili haumo katika vitabu hivyo vya kigeni.