Kizibo Kinachovuja na Spana Isiyo ya Kipimo Chake

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yamfaa mtu mvivu ambaye kila asubuhi hutoa sababu ya kutokwenda shambani: leo jembe ni zito, kesho mpini ni mfupi. Lakini mtu akiichukua methali hiyo na kuingia nayo chini ya motokaa, itamtia hasara. Mimi nimeionja hasara hiyo, na kwa kuwa wasomaji wengi wana motokaa kuukuu, au pikapu ya kupelekea maziwa na mboga sokoni, nimeona yafaa niwaeleze mambo yalivyokuwa.

Mimi ni karani wa serikali, nami nakaa Nyeri. Motokaa yangu ni Volkswagen ya zamani, ile ambayo watu huifananisha na kobe, niliyoirithi kwa marehemu baba. Motokaa za namna hii zilijulikana sana Kenya, maana ndizo zilizoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake iko nyuma, na mbele ya injini pana sanduku la gia. Ndani ya sanduku hilo mna gia za mwendo pamoja na zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na zote huoga katika mafuta mamoja, kiasi cha lita 2.5. Mafuta hayo yakipungua, chuma husagana na chuma, na mwenye motokaa hana budi kutafuta sanduku jingine.

Sanduku hilo lina kizibo chini, cha kumwagia mafuta, na kingine ubavuni upande wa kushoto, cha kutilia. Vizibo hivi havina kichwa cha kushikwa na spana ya kawaida. Vina tundu la pembe sita katikati, lenye upana wa milimita 17 tangu ubapa mmoja hadi ule unaouelekea. Spana yake ni ile ya kuingizwa ndani ya tundu, ambayo mafundi huiita alenki. Shida ni kwamba seti nyingi za alenki zinazouzwa madukani huishia milimita 10. Ile ya 17 haipatikani kila mahali.

Jumatatu moja niliona doa la mafuta mahali ninapoegesha motokaa. Niliinama, nikaona tone limening'inia kwenye kizibo cha chini. Siku ya Alhamisi nilikuwa na safari ya kumpeleka mama hospitali, kama nifanyavyo kila mwezi, naye hawezi kusukumana na watu katika matatu. Basi jioni ile ile nikaenda kwa fundi mmoja kijana. Alitazama kizibo, akatafuta katika sanduku lake la vyombo, kisha akaniambia, "Bwana Karani, spana ya kizibo hiki sina. Nipe siku mbili niitafute."

Nami, badala ya kumsifu kwa kusema kweli, nilimharakisha. Nilimwambia, "Tumia chochote ulicho nacho, mradi ikaze." Akachukua tindo na nyundo, akaiegemeza tindo kwenye ukingo wa tundu, akagonga. Kizibo kilisogea kidogo. Tone likakoma. Nililipa, nikaenda zangu nikijiona mwerevu.

Alhamisi nilimfikisha mama hospitali salama. Wakati wa kurudi nikasikia mlio kama wa nyuki unaotoka nyuma, ukizidi kila nilipoongeza mwendo. Mama aliuliza, "Mwanangu, ni nini kinacholia?" Nikamjibu kwamba ni barabara mbovu. Nilijua nasema uongo. Tulipofika nyumbani nilitazama chini nikaona mafuta hayadondoki tena, bali yanatiririka kama uzi. Tindo ilikuwa imeung'oa ukingo wa kizibo, na pembe mbili za tundu zilikuwa zimelika.

Kesho yake sikuiwasha motokaa. Nilikwenda kwa miguu kwa mzee mmoja, fundi wa jua kali anayefanya kazi chini ya mti karibu na stendi. Nilipomweleza, hakuniuliza aina ya motokaa kwanza. Aliuliza, "Tundu lina upana gani?" Sikujua. Alinitazama kwa huruma, akachukua kalipa, yaani kile chombo cha kupimia unene na upana, tukafuatana hadi nyumbani.

Kwanza alilisafisha tundu kwa msumari na kitambaa. Lilikuwa limejaa matope makavu, na yeye akasema kwamba hata spana halisi isingefika ndani kwa sababu ya matope hayo. Kisha akapima mahali pa ndani zaidi, ambapo tindo haikufika, akasema, "Kumi na saba." Akamtuma mwanafunzi wake alete bolti ya milimita 10 na nati zake mbili.

Nilishangaa. Nilidhani mzee amekosea, maana tundu ni 17, naye anataka bolti ya 10. Akanieleza kwamba 10 ni unene wa mti wa bolti penye nyuzi, si upana wa kichwa. Bolti ya unene huo, kwa kipimo cha zamani cha Kijerumani, ina kichwa cha milimita 17. Mtu huingiza kichwa ndani ya tundu, na mti hubaki nje. Kisha hufunga nati mbili juu ya mti na kuzikaza moja dhidi ya nyingine mpaka ziwe kitu kimoja na bolti. Hapo spana ya kawaida hushika nati, na bolti yenyewe hugeuka alenki.

Mwanafunzi alirudi na bolti mpya inayong'aa. Mzee aliijaribu, ikacheza ndani ya tundu. Mimi nilikuwa tayari kusema, "Inatosha, tujaribu," lakini mzee aliitoa na kuipima kichwa: milimita 16. Akaniambia kwamba bolti nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa kipimo cha mataifa, ambacho kichwa chake kimepunguzwa milimita moja, ingawa mti ni ule ule wa milimita 10. "Milimita moja hii," akasema, "ingeumaliza uzima uliobaki katika tundu hili, na baadaye tungelazimika kukikata kizibo." Akapekua kopo lake la vyuma vya zamani, akapata bolti yenye kutu kidogo. Akapima: 17. Akaigonga polepole kwa nyundo ndogo, ikaingia na kushika.

Hata hapo hakuanza na kizibo kinachovuja. Alianza na kile cha ubavuni. Alisema, "Usimwage mafuta kabla hujajua kwamba waweza kutia mengine." Mtu aliyefungua cha chini, kisha akashindwa kufungua cha kutilia, hubaki na motokaa isiyokwenda popote. Kadhalika alinionyesha kwamba wakati wa kufungua, spana hushika nati iliyo karibu na kizibo. Wakati wa kukaza, hushika ile ya nje. Ukigeuza mambo, nati hizo zitaachana.

Vizibo vyote viwili vilifunguka. Mafuta tuliyokinga katika karai hayakufika lita moja. Kizibo cha chini kina sumaku, nayo ilikuwa imeshika unga wa chuma kama masizi, lakini hapakuwa na kipande cha jino la gia. Mzee aliusugua kati ya vidole vyake, akasema, "Umebahatika. Wiki moja zaidi, ungekuja kwangu na sanduku zima." Jumamosi nilipanda matatu hadi Nairobi, nikapata kizibo kipya katika maduka ya spea ya barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wengi bado huiita Grogan. Tulikifunga kwa kukaza kiasi, bila kuning'inia kwenye spana, tukatia mafuta ya gia ya namba 90 mpaka yakafika ukingo wa chini wa tundu la ubavuni na kuanza kumwagika. Hicho ndicho kipimo chake, mradi motokaa imesimama mahali pa tambarare.

Ndugu msomaji, ukiona tone chini ya motokaa yako, fanya hivi. Kwanza tazama linatoka wapi, na ni mafuta gani. Pili, safisha tundu au kichwa cha kizibo, ukipime kabla ya kukigusa kwa nguvu. Tatu, ikiwa huna chombo cha kipimo hicho, ngoja. Tone moja laweza kungoja siku mbili ikiwa motokaa haitembei, lakini pembe iliyolika hairudi. Nne, usilale chini ya motokaa iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Weka vigingi imara na uzuie magurudumu. Tano, mafuta machafu usiyamwage shambani wala mtaroni.

Yule fundi kijana simlaumu. Yeye aliomba siku mbili, mimi nikamnyima. Nilirudi kwake nikamwambia hivyo, nikampa bolti moja ya zamani na nati mbili, naye akaziweka katika sanduku lake la vyombo. Mama nilimweleza pia kwamba siku ile haikuwa barabara iliyolia. Alicheka, akaniambia kwamba alijua.

Mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Lakini hata mkulima hodari hapalilii vitunguu kwa shoka, kwa sababu anajua kipimo cha kazi yake. Asiyekijua na akipime.