Fundi wa Kuletwa na Fundi wa Kulelewa

Eneo la mpakani mwa Kenya na Uganda linaloanzia Masinya na mji wa Busia hadi kwenye vilima vya Sukulu karibu na Tororo si kubwa, lakini lina karibu kila aina ya kazi inayomhitaji fundi aliyefuzu: kiwanda cha saruji, machimbo ya fosfeti, migodi ya dhahabu, reli, na barabara kuu inayopitisha malori usiku na mchana kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Ndiyo maana swali linalosumbua nchi nyingi, kwamba nafasi za kazi za kiufundi zijazwe kwa kuleta wataalamu kutoka nje au kwa kuwasomesha wenyeji, si nadharia tupu kwa wakazi wake. Njia zote mbili zimekwisha kujaribiwa hapa, na matokeo yake yanajulikana.

Iliyotangulia ni njia ya kuleta. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, ilitegemea watu wapatao 32,000 waliochukuliwa kwa mkataba kutoka India, wengi wao wakiwa vibarua wa kutandika mataruma, lakini wakiwemo pia waashi, maseremala, wahunzi na makarani. Njia hiyo ilipoendelezwa kupitia Eldoret na Tororo katika miaka ya 1920, ngazi ya kazi ilikuwa imekwisha kujengeka: Mzungu alisimamia, Mhindi alishika ufundi, na Mwafrika alibeba. Serikali ya kikoloni ilipata mafundi upesi na kwa gharama ndogo, na kwa sababu hiyohiyo haikuona haraka ya kufundisha wengine. Shule zilikuwapo, ila zilikuwa chache mno. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika, lakini haikupata kitivo cha teknolojia hadi mwaka 1970. Kabla ya hapo, kijana wa Tororo aliyetaka kusomea uhandisi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki alilazimika kwenda Nairobi.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika katika muda wa miaka miwili. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya Wakenya, wengi wao watu wa kazi za mikono kutoka Nyanza na nchi ya Waluhya, na Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 kuondoka. Wapo hadi leo wanaodai kwamba mgeni akiondolewa mwenyeji atapanda kuchukua nafasi yake, na kama dai hilo lingekuwa la kweli bila masharti, Uganda ya miaka iliyofuata ingekuwa paradiso ya mafundi. Kilichotokea ni kinyume. Tororo palikuwa na kiwanda cha mbolea, TICAF, kilichotumia fosfeti ya Sukulu, nacho kilisimama mwishoni mwa miaka ya 1970, huku viwanda vingine vikizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ni kweli kwamba ukosefu wa vipuri na fedha za kigeni ulichangia sana, na si haki kuutwika ukosefu wa mafundi mzigo wote. Hata hivyo, kipuri kinaweza kununuliwa mara tu fedha zinapopatikana, ilhali fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi hawezi kupatikana kabla ya miaka kumi.

Tanuri la saruji linaeleza jambo hilo vizuri kuliko hotuba. Ni bomba la chuma lenye urefu wa makumi ya mita, lililolazwa kwa mteremko mdogo, linalozunguka polepole bila kupumzika. Ndani yake limejengewa matofali ya kuhimili moto, na mchanganyiko wa mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi uliosagwa huingizwa kwa upande wa juu, ukateremka kidogo kidogo kuelekea kwenye mwali hadi ufikie joto la nyuzi 1,450 hivi na kugeuka vipande vigumu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi vikawa saruji. Vipimo huonekana kwenye skrini, lakini mwendeshaji mzoefu huangalia pia rangi ya mwali na namna klinka inavyoviringika, akajua kwamba mambo yanaharibika kabla ya skrini kumwambia. Anajua vilevile kwamba tanuri likipoa ghafla matofali hupasuka na kubomoka, na kwamba likiachwa bila kuzungushwa lingali moto, ganda lake la chuma laweza kupinda. Isitoshe, miamba ya Tororo na Sukulu imetokana na volkano za aina ya pekee, na jiwe lake, liitwalo kabonataiti, hubeba chokaa iliyochanganyika na fosfeti, ambayo ikizidi huchelewesha saruji kukaza. Mtaalamu aliyejifunzia kazi kwenye chokaa ya baharini, hata awe na shahada tatu, akifika hapa hana budi kujifunza kwa msimamizi wa machimbo aliyekwisha kulizoea jiwe hilo.

Elimu ya namna hiyo hupatikana kwa uanagenzi, yaani utaratibu wa mwanafunzi kufanya kazi halisi chini ya fundi aliyebobea, huku akipewa majukumu makubwa zaidi kadiri anavyoiva. Hapo ndipo mjadala wa wageni na shule unapokosea njia, kwa sababu shule isiyo na mtambo hutoa cheti tu, na mgeni asiye na mwanagenzi huondoka na ujuzi wake.

Sheria za nchi zote mbili zinalitambua jambo hilo, angalau kwa maandishi. Kenya humpa mwajiriwa kutoka nje kibali cha kazi cha daraja la D, na mwajiri hutakiwa kueleza kwa nini hakupata mwenyeji mwenye ujuzi huo, tena kumtaja Mkenya atakayefundishwa hadi aweze kuishika nafasi hiyo. Uganda nayo humtaka mwajiri aonyeshe kwamba mwenyeji anayefaa hakupatikana. Kanuni ni nzuri. Tatizo ni kwamba jina la mwanagenzi huandikwa kwa urahisi kwenye fomu, na hakuna anayelazimika kumpima mwenye jina hilo miaka miwili baadaye. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu kampuni ya Guangzhou Dongsong ya China ilipozindua viwanda vyake vya Sukulu mwaka 2018, na mgodi wa dhahabu wa Wagagai ulipofunguliwa wilayani Busia mwaka 2025, kwani mitambo ya miradi ya namna hii huja na wataalamu wake, maelekezo yake huwa katika lugha ya kule ilikotengenezwa, na kijana anayeajiriwa kwenye koleo na toroli anaweza kustaafu kwenye koleo na toroli.

Hata hivyo si kwamba vyuo havipo. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa chuo cha taifa cha zana za kilimo, hufundisha uhandisi kando ya barabara ya Jinja na Tororo, karibu kabisa na machimbo ya dhahabu. Mbale kuna Chuo cha Ufundi cha Elgon, na upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe pamoja na vyuo vya ufundi vya kaunti. Umbali kati ya darasa na mtambo ni wa kilomita chache tu, na inashangaza jinsi umbali huo unavyoweza kuwa mrefu.

Mpaka wenyewe unaongeza kikwazo kingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliruhusu wafanyakazi kuvuka, ila kila nchi iliambatisha orodha ya aina za kazi ilizozifungulia mlango. Mikataba ya kutambuliana sifa za kitaaluma ikafuata kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo, watu ambao kwa kawaida hawakosi pa kubisha hodi. Mchomeleaji wa Busia, ambaye hutengeneza chasisi ya lori la Kenya asubuhi na ya Uganda alasiri, hakutajwa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Februari 2018 kimerahisisha safari ya lori analolitengeneza kuliko ya cheti chake, ikiwa anacho, kwa maana wengi walijifunza kwenye vibanda vya jua kali na hawajawahi kufanya mtihani wowote.

Wala nchi tajiri hazijatatua suala hili kwa shule pekee. Ujerumani, ambayo mfumo wake wa kugawa wiki ya mwanafunzi kati ya kiwanda na darasa huigwa duniani kote, ilifungua milango kwa wafanyakazi wenye ujuzi kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 2020, na Septemba 2024 ikatia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi na Kenya. Maana yake kwa Busia ni kwamba fundi umeme aliyesomeshwa kwa karo ya mzazi na ruzuku ya serikali anaweza kuvuka bahari mwaka uleule ambao fundi mwingine anashuka kutoka China kuja kujaza nafasi ya namna ileile nyumbani.

Kuwafungia wageni mlango ni kurudia kosa la 1972, na kuwaacha waje bila sharti ni kurudia lile la wajenzi wa reli. Lililo katika uwezo wa serikali za Nairobi na Kampala, bila sheria mpya wala mkopo, ni kuzitumia kanuni zilizopo: kibali cha mtaalamu kinapoletwa kuhuishwa, mwanagenzi wake na aitwe, apelekwe kwenye mtambo mbele ya mkaguzi wa ufundi, na atakiwe auwashe, auendeshe na auzime, na akishindwa, kibali kisihuishwe hadi mwajiri aeleze miaka hiyo miwili alikuwa akimfundisha nini.