Kusikiliza Kitabu na Kukisoma: Kipi Kinamfaa Nani?

Mzazi akimwona mwanawe wa kidato cha tatu ameketi na vipokea sauti masikioni wakati wa masomo ya jioni, jambo la kwanza analofikiria ni kuwa mtoto anasikiliza muziki. Siku hizi huenda amekosea. Simu ile ile inayobeba nyimbo inaweza kubeba riwaya nzima iliyosomwa kwa sauti na kurekodiwa kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Vitabu vya aina hii huitwa vitabu vya sauti, na vimezua swali ambalo walimu, wazazi na wakutubi hawaliepuki tena: je, aliyesikiliza kitabu amekisoma?

Swali hilo lina uzito wake. Jibu ndilo linaloamua mzazi atumie wapi pesa zake chache, maktaba inunue nini, na ikiwa mtu asiyeona atahesabiwa miongoni mwa wasomaji. Kwa ufupi, katika kuelewa yaliyomo, masikio na macho hukaribiana sana. Tofauti kubwa iko katika kazi ambayo mtu anataka kitabu kimfanyie.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2016, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima 91. Walitumia sehemu za kitabu Unbroken cha Laura Hillenbrand. Kundi la kwanza lilisikiliza, la pili likasoma kwenye kifaa cha kielektroniki, na la tatu likasoma huku likisikiliza. Wote walipewa maswali papo hapo, kisha wakaulizwa tena baada ya wiki mbili. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo matatu.

Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 46 za aina hiyo. Kwa jumla, matokeo yalikuwa yale yale: kusoma na kusikiliza hutoa uelewa unaolingana. Hata hivyo, uchambuzi huo ulionyesha mahali ambapo kusoma huwa na nafasi bora kidogo. Kwanza ni pale msomaji anapojiamulia mwendo wake mwenyewe. Pili ni pale maswali yanapomtaka mtu atambue jambo ambalo mwandishi hakulisema waziwazi. Wanaojiandaa kwa mtihani wa fasihi wanayajua vizuri maswali ya namna hiyo.

Jicho hurudi nyuma, sauti husonga mbele

Tofauti hiyo ina sababu. Anayesoma karatasi husimama kwenye sentensi ngumu, hurudi mstari wa juu, hupiga mstari kwa kalamu na kufungua ukurasa anaoutaka kwa sekunde chache. Anayesikiliza hufuata mwendo wa msomaji aliyerekodiwa. Mawazo yakitangatanga kwa dakika moja, hadithi haimngoji. Anaweza kurudisha nyuma, lakini kutafuta aya moja katika rekodi ya saa nane ni kazi.

Kasi pia hutofautiana. Kwa Kiingereza, mtu mzima husoma kimya wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi ya kawaida, ilhali wasomaji wa vitabu vya sauti hutamka takriban maneno 150 hadi 160. Kitabu kinachomchukua mtu saa tano kukisoma huenda kikamchukua zaidi ya saa saba kukisikiliza.

Sauti nayo ina yake ambayo karatasi haina. Chukua neno “barabara”. Likiandikwa, herufi ni zile zile. Likitamkwa, mkazo ndio unaoonyesha kama msemaji anazungumzia njia ya magari au jambo lililofanywa sawasawa. Msomaji hodari huonyesha pia kejeli, hasira na huzuni. Tamthilia kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege iliandikwa ili isemwe na wahusika mbele ya watu, na mwanafunzi aliyeisikia ikisemwa hupata ladha ambayo huenda asingeiona akiisoma peke yake kimya.

Kwa kweli, kupokea fasihi kwa masikio si ugeni katika Kiswahili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulifika kwa wengi kwa kusomwa kwa sauti na kukaririwa, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuushika mswada wake.

Lakini tahajia haiingii kwa masikio. Mwanafunzi asiyetofautisha matamshi ya “dhamini” na “thamini” anaweza kusikiliza riwaya kumi na bado akaandika kinyume katika insha. Kuona neno kwenye ukurasa, tena na tena, ndiko kunakomzoesha namna linavyoandikwa.

Mtoto anayejifunza kusoma

Hapa ndipo wazazi wanahitaji kuwa waangalifu zaidi. Mwaka 1986, wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kuwa uwezo wa kusoma hutokana na mambo mawili yanayozidishana: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuelewa lugha yenyewe. Kama ilivyo katika hesabu ya kuzidisha, kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri.

Hadithi za sauti hukuza hicho cha pili. Mtoto hujifunza msamiati, mpangilio wa kisa na sentensi ndefu ambazo hazisikiki katika mazungumzo ya nyumbani. Lakini hazimfundishi kutambua herufi na silabi. Mtoto wa gredi za chini anayesikiliza tu, bila kukutana na maandishi, atapenda hadithi lakini hatajua kusoma.

Njia rahisi ni kuunganisha vyote viwili. Mpe mtoto kitabu chenyewe, cheza rekodi yake, na umwambie afuate kila neno kwa kidole. Kiswahili kinasaidia sana hapa kwa kuwa huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo sikio na jicho hukutana haraka. Mzazi au nyanya ambaye hakubahatika kusoma sana anaweza kukaa kando na kusikiliza pamoja na mtoto, kisha kumwomba asimulie alichoelewa.

Kwa asiyeona, sauti ni mlango

Kuna kundi ambalo kwake ulinganisho huu huchukua sura nyingine kabisa. Vitabu vya sauti havikuanzishwa ili kuwaburudisha wasafiri. Huduma ya vitabu vya sauti nchini Uingereza ilianza mwaka 1935, ikiwalenga hasa wanajeshi waliopoteza uwezo wa kuona katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ilikuwa riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd. Wakati huo kitabu kimoja kilijaza santuri nyingi nzito. Leo kinaingia kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.

Kwa mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu, mwenye disleksia, au ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu na kufungua kurasa, sauti ndiyo njia ya kuingia ndani ya kitabu. Si sahihi kumwambia kuwa anakwepa kusoma.

Hata hivyo, walimu wa wanafunzi wasioona husisitiza kuwa sauti isichukue nafasi ya Breli. Breli ndiyo inayomwezesha mtoto asiyeona kujua tahajia, alama za uakifishaji na namna hesabu inavyopangwa. Anahitaji Breli ili aandike, na sauti ili asome mengi kwa haraka.

Wazee nao wasisahauliwe. Mzee aliyeacha kusoma gazeti kwa sababu ya macho anaweza kurejea kwenye vitabu kwa njia ya sauti. Lakini kwanza apelekwe kupimwa. Mtoto wa jicho, mojawapo ya sababu kuu za upofu kwa wazee, huondolewa kwa upasuaji.

Sheria inalinda nini

Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2017, unaruhusu taasisi zinazowahudumia wasioweza kusoma maandishi ya kawaida kutengeneza nakala za Breli, za sauti au za maandishi makubwa, bila kutafuta faida. Katiba nayo, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Ruhusa hiyo haimhusu kila mtu. Kurekodi kitabu teule na kukisambaza kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya mwenye hakimiliki ni kosa, hata kama nia ni kuwasaidia wanafunzi. Nchini Kenya, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Gharama na usalama

Rekodi ya kiwango cha kawaida hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa moja. Kitabu cha saa nane kitahitaji takriban megabaiti 230. Ni nafuu zaidi kukipakua mara moja mahali penye intaneti ya bure na kukihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu kuliko kukisikiliza moja kwa moja mtandaoni kila siku. Kitabu cha karatasi hakihitaji chaji wala bando, na kinaweza kupita mikononi mwa watoto watano wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine.

Faida ya kitabu cha sauti ni kwamba mtu hukisikiliza mikono ikiwa kazini: anapopukuchua mahindi, anapochuma majani chai, anapofua au akiwa abiria ndani ya matatu. Mwendeshaji wa bodaboda asithubutu kuziba masikio akiwa barabarani, na mwenda kwa miguu ayafungue anapovuka.

Nafasi ya mwananchi

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, maktaba ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo, uamuzi wa kununua vitabu vya karatasi, vya Breli au vya sauti unahusiana moja kwa moja na bajeti ya kaunti na maoni ya wakazi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vikao vya ushirikishaji wa umma huandamana na hatua hizi. Mzazi wa mtoto asiyeona anayehudhuria kikao na kutaja mahitaji ya mwanawe huwa ameweka jambo hilo kwenye kumbukumbu mapema, kabla fedha hazijagawanywa.

Kabla ya kununua chochote, familia ijiulize maswali matatu. Anayehitaji kitabu ni nani? Anakitaka kwa kazi gani? Je, anaweza kuyaona maandishi? Anayejifunza kusoma apewe karatasi, na sauti iwe msaidizi. Anayejiandaa kwa mtihani asikilize ili aonje kisa, kisha asome akiwa na kalamu mkononi. Asiyeona apewe sauti na Breli. Na aliyechoka jioni baada ya kazi, ambaye macho yake hayataki tena ukurasa, asikilize bila kuona haya, kwani hadithi itamfikia.